Sala Isiyofungwa

Ijumaa hiyo zamu ya kukusanya jumuiya ya sala nyumbani ilikuwa ya bibi Mboje, na hakuna aliyetaka kwenda. Mzee Teodori, mwenyekiti wa jumuiya, alipita kwa Klementina mchana akapendekeza waruke nyumba ile mpaka mambo yapoe. Klementina alikuwa anaanua nguo. Akamjibu kwamba zamu ni zamu. Masika yaliyopita paa la Teodori lilivuja, wakasali wakilowa, na hakuna aliyeruka.

"Mama Jenifer, hii si mvua," Teodori alisema.

Klementina alijua. Kijiji kizima cha Pito kilijua. Mboje alikuja kutoka Usukumani na mwanawe Mayunga na ng'ombe wao, akabatizwa Pasaka, na aliwagawia watoto wa jirani maziwa ya mgando bila kudai kitu. Yonas, mtoto wa Leonsi, aliyanywa, kisha akafa. Leonsi alinunua lori la kubebea mahindi baada ya ushirika kufa na biashara kuachiwa watu binafsi. Kwa lori hilo hilo alimleta mganga, na mganga akanyoosha kidole kwenye nyumba ya Mboje. Mayunga hakuwepo, alikuwa ameshuka bonde la Rukwa kutafuta malisho.

Klementina alikwenda na Biblia yake. Teodori naye alikuja, nyuma kidogo, kama mtu anayepita tu.

Wanaume walikuwa wameketi kando ya shamba, mbele ya mlango wa Mboje. Dumu la mafuta ya taa lilikuwa katikati yao, wala hawakulificha. Leonsi aliinuka, akamwamkia Teodori shikamoo.

"Salini tu, mama Jenifer," akasema. "Tutasubiri mmalize."

Alisema kwa adabu kabisa, na hapo ndipo Klementina alipoogopa.

Pale Pito hakuna anayeigusa nyumba jumuiya ikiwa inasali. Hata mgambo wa kodi husubiri nje mpaka waseme Amina. Leonsi alikulia kanisani; aliijua desturi hiyo kuliko wote waliokaa naye.

Ndani, Mboje alikuwa ametandika mkeka mrefu wa kutosha watu wengi. Waliketi watatu. Klementina alisoma habari za Msamaria, wakatafakari. Alipomaliza akafungua Mwanzo, akasoma kwa sauti, ili nje wasikie, pale Mungu anapomuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi. Kisha akasoma ukoo wa Yesu tangu Abrahamu, jina kwa jina, bila haraka.

Jua lilikuwa linashuka. Teodori alimnong'oneza kwamba giza linaingia, wafunge sala.

"Tukifunga wataingia."

"Sasa tutasoma mpaka lini? Umebakiza Hesabu na Walawi."

"Basi tutasoma Walawi, mzee."

Mboje alimgusa mkono. "Funga, mwanangu. Una watoto. Mimi nimeshazeeka."

Klementina alifunua ukurasa mwingine. Mlango ukafunguliwa, wote watatu wakashtuka. Aliyeingia alikuwa Bertilla, mke wa Leonsi, mama wa marehemu, amejifunga kaniki ya msiba. Alitazama mkeka, akaenda kuketi karibu na Mboje, bega kwa bega. Klementina akamuuliza kama ana nia ya kuombea, kama anavyoulizwa yeyote anayeingia.

"Namwombea Yonas," Bertilla alisema, na hakushusha sauti. "Ilikuwa surua. Vipele nilivikuta shingoni kabla hajanywa maziwa ya bibi. Nilimwambia baba yake tumpeleke zahanati. Akasema siku hizi huko ni kulipa, tusubiri."

Nje sauti ya kijana mmoja ikauliza kama wamekuja kusikiliza wanawake. Dumu lilisikika likiburutwa.

Klementina aliinuka. Akamwambia Mboje achukue shuka na rozari, basi, na Bertilla amshike mkono. Akawaeleza kwamba sala haifungwi. Itatembea, mpaka parokiani mjini. Teodori, ambaye hakuwahi kuwa na sauti nzuri, alianzisha Matendo ya Uchungu ya rozari.

Walitoka hivyo, Mboje katikati. Leonsi alisimama njiani. Mkewe alipita mbele yake akiitikia Salamu Maria, na bega lake likamgusa kifuani, Leonsi akasogea. Wengine hawakusogea, ila hawakunyoosha mkono.

Walipofika barabara kuu harufu ya nyasi za paa zinazoungua iliwafikia, na mwanga mwekundu ukawaangukia miguuni kutoka nyuma. Mboje alitaka kugeuka. Bertilla alimkaza mkono. Nyuma yao, kwa mbali, kulikuwa na hatua za watu, na haikujulikana ni wangapi wala wanafuata nini.

Teodori alinyamaza.

"Endelea, mzee," Klementina alisema. "Tendo la tatu."