Bendera Iliyomjua Fundi

Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi la uwanja wa shule, uzi mdomoni, akikaza kifungo cha shati la kiskauti ambalo mjukuu wake alikuwa ameshalivaa. Binti alitakiwa kusimama wima, na alisimama. Ilikuwa asubuhi ya mazoezi ya sikukuu ya taifa, na yeye ndiye aliyechaguliwa kupandisha bendera.

Skauti huipandisha ikiwa imekunjwa na kufungwa kwa fundo jepesi. Ikifika juu, kamba huvutwa mara moja nayo hufunguka. Binti alivuta, bendera ikafunguka, ikanyooka kuelekea benchi alipokaa bibi yake. Upepo haukuwapo, hata vumbi lilikuwa limelala.

Kiongozi wa skauti, ambaye watu walimwita Filimbi kwa kuwa hata mkewe alimwita kwa filimbi, alisema mlingoti umepinda. Wakaunyoosha. Fundi akaenda chooni. Bendera ikageukia chooni, ikasubiri, ikarudi naye.

"Basi si mlingoti," alisema Filimbi, akaandika hivyo kwenye daftari lake.

Tatizo lilikuwa jukwaa. Lilikuwa upande wa pili, na haipendezi bendera kumpa mgeni rasmi kisogo. Filimbi akamwomba fundi, siku yenyewe, asimame nyuma ya jukwaa. Fundi alikubali kwa moyo mweupe. Alikuwa ameshona bendera za mji mzima kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuona hata moja ikipandishwa siku ya sikukuu, maana siku hiyo hakuna mtu mzima anayeingia uwanjani bila kitambulisho cha uraia.

Naye hakuwa nacho. Alizaliwa mtaa wa nyuma ya shule, na mama yake vilevile, ila babu yake alizaliwa ng'ambo ya mto kabla mto haujafanywa mpaka. Kwa sababu hiyo ofisi ya vitambulisho ilikuwa imempiga danadana miaka kumi na moja.

Alifunga safari tena. Bendera ya paa la ofisi, kazi ya mikono yake pia, iliinama hadi dirishani na kujibandika kwenye kioo. Ofisa akasogeza makaratasi yake palipokuwa na mwanga.

"Unaiona mwenyewe, mwanangu," fundi alimwambia. "Inanijua."

"Naiona, mama. Lakini kwenye orodha ya vielelezo hakuna bendera."

Alimwonyesha orodha. Kweli haikuwamo. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia aje baada ya sikukuu.

Ilimuuma, tena sana. Nyumbani mjukuu alivua skafu yake na kuiweka mezani.

"Basi na mimi sipandishi, Bibi."

"Utapandisha," fundi alisema. "Mimi nitatafuta pa kusimama."

Filimbi ndiye aliyepata mahali. Alivuta uzi kutoka kwenye mlingoti, ukapita juu ya kiti cha mgeni rasmi, ukavuka uzio hadi barabarani, na pale ulipoishia akachora duara kwa chaki. Nje ya uzio hapahitaji kitambulisho. Kamati ilikuja kuliangalia duara, ikampongeza.

Siku ilipofika fundi alisimama ndani ya duara lake, amevaa gauni jipya. Mjukuu alivuta kamba. Bendera ikanyooka juu ya jukwaa, imekazana kama nguo iliyopigwa pasi, na mgeni rasmi alisema hajapata kuona bendera yenye heshima kama hiyo. Skauti wote wakapiga saluti ya vidole vitatu. Mjukuu alipiga yake kidogo pembeni ya bendera, juu ya uzio, na fundi akaipokea kwa kutikisa kichwa. Alijisikia vizuri kuliko siku nyingi zilizopita.

Hotuba zilipoanza, mlinzi wa uzio alimsogelea, akamwomba samahani, akamwambia wasio na vitambulisho hawaruhusiwi kukaa hapo kwa muda mrefu. Fundi alisema haina neno, alichokuja kuona ameshakiona. Akashika njia ya nyumbani. Bendera ikamgeukia polepole, ikampa mgeni rasmi kisogo, ikamtazama mpaka alipokata kona.

Uwanja mzima uliona. Mgeni rasmi akaendelea kusoma.