Fomu za Nyumba Kumi na Nane

Karani wa ofisi ya kilimo alipewa fomu arobaini, awaulize watu wa barabara ya mashamba kama ua wao wa zamani wa michongoma ukatwe au uachwe. Siku ya kwanza alijaza ishirini na mbili. Wengine waliapa ua unaficha nyoka na kumeza ardhi. Wengine walisema ndimo wanamoishi ndege na nyuki.

Siku ya pili miguu ilimvimba. Akakaa sebuleni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akajaza kumi na nane zilizobaki, akibadilisha kalamu ili miandiko isifanane. Zote aliandika "ukatwe". Alijua ndilo jibu analolipenda mkuu wake.

Fomu mojawapo ilikuwa ya shangazi yake, mfuga nyuki.

Trekta lilipopita kuukata ua, Karani alikwenda kumwona. Alimkuta ameinama barabarani, anaokota viota kutoka kwenye matawi yaliyolala chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nishikie kikapu. Eti tumeulizwa tukakubali! Nami siku mbili nzima sikutoka, namsubiri huyo mtu wa fomu. Maneno nilishayapanga kabisa."

Karani akakipokea kikapu. "Mtu wa fomu ni mimi."

Shangazi akacheka. "Wewe? Ulipotea njia?"

"Sikuja. Nilikujazia."

"Ukaandika nimesema nini?"

"Ukatwe."

Shangazi akakichukua kikapu polepole. "Ungekuja tukagombana, ningekuelewa," alisema, akaendelea kuokota.

Kesho yake Karani alimweleza mkuu wake kila kitu. Mkuu akafunga mlango kwanza. "Ripoti imeshapita. Usijitafutie balaa."

Akajitafutia. Aliandika barua ya kukiri, akapeleka nakala nyumba zote kumi na nane kwa miguu yake. Kwingine alitukanwa. Fundi baiskeli aliisoma, akaangua kicheko: "Mbona mimi ningesema ukatwe vilevile!" Hilo likamchoma kuliko matusi, jibu lile angelipata kwa kubisha hodi tu.

Kabla ya wiki kwisha alisimamishwa kazi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi. Shangazi aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa gauni.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

"Basi nenda kale," akasema, akaurudisha mlango.