Ukucha wa Leonia

Leonia aliweka ncha ya ukucha wake juu ya kioo, akainama kutazama kutoka ubavuni. Kati ya ukucha wake na ule wa ndani ya kioo palikuwa na mwanya mwembamba, kama unene wa sarafu. Akaridhika.

“Mama Jenabai wa duka la vitambaa kanifundisha,” alisema. “Kucha zikiachana, kioo kizima. Zikigusana, nyuma yake kuna mtu anakuchungulia. Lakini fundi ni wewe. Shemeji, hiki ni kioo?”

Bundala alikuwa anakaza skrubu ya mwisho ya fremu. “Kioo,” alisema bila kugeuka.

“Kioo kweli?”

“Ulidhani nini, sufuria?”

Leonia akacheka. Alikuwa mdogo wa mke wa Bundala, mfanyakazi wa Duka la Mshikamano, na utani wao ulikuwa wa kila siku. “Haya, shemeji langu la vioo. Kaza vizuri kisije kikaniangukia, nina sura ya kutunza.”

Bundala alikusanya bisibisi na nyundo, akarudi kwake Isevya kwa miguu, na njia nzima alijiambia kwamba hakusema uongo. Cha kujitazama ni kioo, cha dirishani nacho ni kioo. Ameulizwa kama ni kioo, akajibu ni kioo. Mtu angetaka zaidi, angeuliza zaidi. Lakini alipofika nyumbani chakula hakikupita, na mkewe Apolinaria alipomuuliza anaumwa nini, alisema ni jua.

Kioo kile alikitengeneza mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa vitu kuadimika, sukari kwa foleni, khanga kwa kujuana, na vioo vya dirisha havikupatikana Tabora nzima ila kwa kibali. Fundi wa vioo asiye na vioo ni mtu anayekaa barazani akisalimia wapita njia, na Bundala alikuwa amesalimia sana. Hapo ndipo Raymundi, meneja wa Duka la Mshikamano, alipomfuata.

“Ndugu fundi,” alisema, “khanga zinatoka dukani kwangu kama zina miguu. Wafanyakazi wanazifunga chini ya sare. Ile ni mali ya wananchi. Nataka kioo kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo, mimi niwe ofisini kwangu upande wa pili, nione. Ukiweza, kibali chako cha vioo nakisimamia mimi.”

Bundala aliweza. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba makasha ya vioo kutoka pwani hadi Kwihara na hakuvunja hata kimoja, na ukoo mzima ulijivunia hilo. Mjukuu alichukua kioo cha kabati la zamani, akakwangua rangi nyekundu ya nyuma, kisha akaisugua zebaki yenyewe, ule utando unaorudisha sura, kwa pamba na jivu, taratibu, mpaka ikabaki nyembamba kama pumzi. Chumba cha wafanyakazi hakikuwa na dirisha, kina taa kali ya umeme. Ofisi ya Raymundi ilikuwa na pazia zito. Aliye kwenye mwanga anajiona mwenyewe, aliye kwenye kivuli anamwona aliye kwenye mwanga. Ndiyo siri yote, hakuna nyingine.

Na ukucha? Ukucha wa Mama Jenabai unafaa kwa kioo chenye zebaki upande wa mbele. Hiki zebaki yake ilikuwa nyuma, upande wa ofisini, kwa hiyo kucha lazima ziachane. Bundala alilijua hilo wakati Leonia anainama, na akaendelea kukaza skrubu.

Vioo vya kibali vikaja. Akaweka madirisha Cheyo, akaweka madirisha Kanyenye. Khanga hazikukamatwa hata moja, maana hakuna aliyeziiba, na Raymundi hakulalamika tena habari ya wezi. Hilo peke yake lingetosha kumwambia mtu mwenye akili. Bundala alikuwa na akili. Alichagua kutoitumia.

Miezi ikapita, na jioni moja Luhende akaingia barazani. Luhende, dereva wa lori la tumbaku la Urambo, ndiye aliyemwoa Leonia. Yeye na Bundala waliitana mwanyumba, kama wafanyavyo wanaume waliooa ndugu. Hakukaa.

“Nimekuja kukuaga kwa heshima, mwanyumba, kwa kuwa mlango tuliooa ni mmoja. Keshokutwa namrudisha Leonia kwao Nzega.”

“Kafanya nini?”

“Wewe unajua kama mke wangu ana alama mwilini?”

“Nitajuaje mimi?”

“Basi vizuri. Ana kovu la uji wa moto, chini ya titi. Tunalijua mama yake, mimi, na mwenyewe. Na Raymundi. Kalitaja kilabuni, mbele ya watu, akasema lina umbo la Zanzibar. Watu wakacheka. Utingo wangu alikuwepo.” Luhende alitazama viatu vyake. “Nimemuuliza mke wangu. Analia tu, anasema hajui kaonaje. Mimi si mtoto.”

Bundala alijua kaonaje. Sentensi moja ingetosha. Aliipanga kichwani, akaiona ilivyo fupi, kisha akamwona Apolinaria akiisikia, na mtaa wote wa Isevya ukiisikia, na vile vioo vilivyoegemezwa ukutani nyuma yake.

“Usimpeleke bado,” alisema. “Kesho saa kumi na moja, wakifunga duka, njoo mlango wa nyuma. Mwambie Leonia atufungulie.”

“Kuna nini?”

“Njoo tu.”

Alijua anachofanya. Alitaka macho ya Luhende yaseme, ili mdomo wake usiseme.

Kesho yake Leonia aliwafungulia, macho yamevimba. Wenzake walikuwa bado mbele wanafagia. Bundala akawanong’oneza namna ya kuingia. Leonia akatangulia, akawasha taa kama siku zote, akaenda kwenye kioo na kuanza kufungua kilemba. Wanaume wawili wakapita wakiusugua ukuta ule ule wa kioo, wakasimama pembeni yake, mahali ambapo jicho la upande wa pili lisingefika. Swichi ilikuwa karibu na bega la Bundala.

Wakangoja. Nyuma ya ukuta pakasikika kiti kikivutwa.

Bundala akazima taa. “Sasa,” alimnong’oneza Luhende. “Uso karibu kabisa. Ziba mwanga kwa viganja, hivi, kama unachungulia dirisha la gari.”

Luhende akaweka paji la uso kwenye kioo. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha pazia la ofisini likajitokeza, jua la jioni limelipenya kidogo, halafu meza, halafu kiti. Halafu Raymundi, amejiinamisha mbele kushangaa giza, pua yake karibu na kioo, shibiri moja kutoka kwenye pua ya Luhende.

Luhende hakupiga kelele. Aligonga kioo kwa kifundo cha kidole, taratibu.

“Hodi,” alisema.

Upande wa pili kiti kikaanguka.

Luhende akatoka mbio kuuzunguka ukuta. Chumbani wakabaki wawili, gizani. Kutoka ofisini zilisikika sauti, ya Luhende ikiwa chini, ya Raymundi ikitaja mali ya wananchi.

“Shemeji,” Leonia alisema. “Nilikuuliza.”

“Uliuliza kama ni kioo.”

Neno hilo aliliweka akiba miezi yote ile. Sasa lilipotoka, hata yeye alilionea aibu.

“Ulikitengeneza wewe.”

“Mimi.”

“Ukaniona natazama ukucha wangu.”

“Nilikuona.”

Leonia aliwasha taa, akakitazama kioo, akajiona ndani yake, akavua khanga ya begani na kukifunika.

Leonia hakurudishwa Nzega. Luhende alimwomba radhi mbele ya dada yake, na radhi ile Apolinaria aliisikia huku akimtazama mumewe, si Luhende. Raymundi alihamishwa, akapewa duka wilaya nyingine, ndivyo ilivyokuwa kwa mameneja. Kioo Bundala alikwenda kukitoa mwenyewe, akaweka ubao mahali pake.

Leonia alipita barazani kwake mara moja tu baada ya hapo, kutaka kioo kidogo cha ukutani.

“Habari za kazi, fundi.”

Fundi. Bundala alingoja lile neno jingine. Halikuja.

“Nzuri,” alisema, akampa kimoja. “Hiki ni cha kujitazama. Nyuma kina rangi nyekundu, nzima. Geuza uone.”

“Nimeshageuza,” alisema Leonia, akakifunga kwenye khanga na kwenda zake.