Kaza Kwanza, Chora Baadaye

Fundi alikuwa na sheria moja ya kusimamisha kreni, na aliirudia mpaka vibarua wakaifanya wimbo wa kumtania: kaza kwanza, chora baadaye. Nati ikishakazwa kwa spana ndefu mpaka igome, unachora mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Siku nati ikilegea, mstari unakatika, na mtu anaona kwa macho yake. Sheria rahisi, hata mvivu anaielewa. Shida ya mvivu ni kwamba anaielewa nusu.

Mvivu mwenyewe alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye saiti nzima ilimwita Chapchap. Fundi ndiye aliyemfundisha kushika spana, na hilo alijilaumia kila siku ya Mungu. Asubuhi ile mnara ulikuwa umesimama, mkono wa kreni umefungwa, mawe ya uzito yamepangwa nyuma. Mhandisi alipita, akatazama mistari myeupe, akatia sahihi. Ilibaki opereta kupanda na kunyanyua mzigo wa kwanza. Opereta alikuwa binti wa fundi.

Fundi hakuwa mtu wa kuamini karatasi. Alipanda kukagua mwenyewe, na kwenye kipande cha tatu cha mnara akasimama. Rangi ilikuwa imechuruzika ikaingia chini ya nati. Nati iliyokazwa haiachi upenyo wa kupitisha hata unywele. Akaweka spana, akavuta. Nati ikazunguka robo nzima na mstari ukakatika. Akajaribu ya pili, kisha ya tatu. Kipande kizima kilikuwa kimechorwa tu.

Alishuka amefura, akamkuta Chapchap amekaa juu ya marundo ya nondo.

"Umechora kabla ya kukaza?"

"Shemeji, spana ilikuwa upande wa pili. Nikasema nichore kabisa, nitakaza baadaye. Halafu nikapitiwa. Binadamu."

"Na anayekwenda kukaa kule juu si binadamu? Si mtoto wa dada yako?"

"Basi, yaishe, shemeji. Usinimwagishe unga."

Fundi aligeuka kabla hajatukana ukoo mzima aliooa. Akaenda kwenye kibanda cha vifaa, ambako binti yake alikuwa akivaa mkanda wa usalama. Akamwambia asipande, akamweleza alichofanya mjomba wake. Binti hakushtuka. Aliendelea kuvuta kamba za mkanda, kichwa chini, na hapo ndipo baba mtu alipoogopa kwa kweli.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilimwona jana. Kopo la rangi analo, spana hana."

"Ukanyamaza?"

"Mjomba ndiye aliyeniombea kazi, Baba. Nilianza kukuomba wewe. Ukasema juu si mahali pa mtoto wa kike. Sasa yeye ningemchongea vipi?"

"Ungepanda hivyo hivyo?"

"Ningepanda polepole."

Fundi akatoka kibandani. Angeweza kwenda kwa meneja. Lakini meneja angeuliza nani alijua, na binti angefukuzwa pamoja na mjomba wake, na safari hii asingemsamehe baba yake mpaka kaburini. Akameza hasira yake nzimanzima. Akapanda tena, akafuta mistari yote ya kipande cha tatu kwa tambara na petroli, akakaza nati moja baada ya nyingine mpaka viganja vikachubuka, akachora upya. Chapchap alishika kopo la rangi. Spana hakuigusa. Mhandisi alipouliza mbona wanachelewa, fundi alisema wanasafisha. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, naye alishangaa jinsi ulivyotoka kirahisi.

Saa tisa alasiri binti alikuja chini ya mnara. Baba yake alikuwa amesimama pale pale, spana bado mkononi, shati limelowa. Binti alimpita, akamgeukia Chapchap.

"Mjomba, zimekaza?"

"Zimekaza, mama. Panda."

Akapanda.