Giza la Kitenge

Daktari Laure wa mtaa wa Kinindo alikuwa akimtibu Byamungu kwa maneno tu, bila sindano wala kidonge. Siku ya kumaliza alimwambia kuanzia sasa, hasira ikipanda, maswali atajiuliza mwenyewe. Byamungu akarudi gerejini kwake, mtaa wa Buyenzi, akijiona amepona. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Miaka mitatu alikuwa amelala kwenye kochi la daktari akisimulia jambo lile lile: utotoni, kule Uvira, baba alikuwa akimfungia gizani na kumpiga mkanda. Giza alilikumbuka vizuri, joto lake na harufu yake ya moshi. Mlio wa mkanda pia. Maumivu ndiyo hakuyakumbuka, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Asubuhi iliyofuata Eddy, fundi mwenzake, alikamatwa akiuza betri ya gari la mteja. Byamungu hakutaka maelezo. Alimtandika spana kubwa mdomoni, meno yakadondoka kwenye mafuta machafu. Akamtandika tena, bega likalia kama kuni kavu. Na alifurahi, tusidanganyane. Majirani wakaja mbio na vyuma na mawe, maana mwizi hana wakili.

Eddy alijikunja chini, mikono kichwani.

"Byamungu, mi nakufa," alisema.

Hapo ndipo Byamungu alipokumbuka kujiuliza: ninayempiga ni nani? Alitegemea kumwona baba. Akajiona yeye mwenyewe, mdogo, amejikunja vile vile, na juu yake kitenge cha mama chenye moshi wa jikoni. Hakuwahi kufungiwa popote. Giza lile lilikuwa mwili wa mama, na mkanda ulikuwa ukimwangukia mama mgongoni. Miaka mitatu ya kusema, na mama hakumtaja hata siku moja.

Alitupa spana, akawaambia waache. Nani angemsikiliza, na yeye ndiye aliyeanza? Jiwe lilimpasua Eddy sikio. Byamungu akajitupa juu yake, akamfunika mzima. Chuma cha kwanza kilimvunja ubavu, cha pili kikampasua kisogo, damu ikamtiririkia Eddy shingoni.

Eddy alikuwa akitetemeka chini yake. Byamungu alitafuta la kumwambia, yakamjia maneno ya chini ya kitenge, ambayo daktari hakuwahi kuyasikia.

"Nyamaza, mutoto yangu. Mi niko juu yako."