Mahali pa Mapafu

Wanafunzi ishirini na tisa waliacha wazi swali lile lile. Swali la saba, alama sita: eleza safari ya damu kutoka moyoni hadi mapafuni na kurudi. Mwalimu wa sayansi alizipekua karatasi mara mbili mbele ya mkuu wa shule.

"Si ulisema wanaelewa?" mkuu akauliza. "Wanaimba, wanaigiza, wanaelewa. Haya, kuelewa kwenyewe kuko wapi?"

Na kweli alisema. Mwanzoni mwa mwaka alimganda mkuu huyu kama kupe mpaka akapewa ruhusa ya kufundisha kwa maigizo, kwa sharti moja: darasa lake likishindwa na la jirani kwenye mtihani wa majaribio, basi, arudi ubaoni kama wenzake. Sasa walikuwa wameshindwa, tena kwa hilo hilo swali moja.

Jamani, na walivyoujua moyo watoto wale! Aliwachorea kwa chokaa uwanjani, vyumba vinne, kila kimoja kinaenea watu watatu. Binti mmoja asiyejua kufunga mdomo alipiga debe, du-dum, du-dum, mpaka wakambandika jina la Debe. Wengine walikuwa damu. Waliingia upande wa kulia na vitambaa vya buluu, wakatoka mbio hadi kwenye kona penye bomba la maji, na hapo ndipo aliposimama Sindano.

Sindano alikuwa mwembamba, mpole, wa sauti ya kutafuta. Darasani hakuwahi kunyoosha kidole. Lakini pale konani aliwapokonya vitambaa vyao na kupaza sauti: "Mimi mapafu! Lete chafu, chukua safi!" Akawapa vyekundu, nao wakarudi moyoni wanacheka. Mwalimu alimtazama akajisifu kimoyomoyo.

Muhula wa pili Sindano alishikwa na homa siku ya Ijumaa. Jumatatu wakamzika.

Walipourudia mchezo, hakuna aliyekubali kushika nafasi yake. Mwalimu akamwomba huyu, akamwomba yule. Wote wakatazama vidole vya miguu. Naye hakuwa na nguvu ya kulazimisha. Akasema, "Haya, vitambaa tutaviweka juu ya bomba. Mkifika pale, kila mtu abadilishe mwenyewe, msiseme kitu." Muhula mzima wakawa wanapita pale vichwa chini, na Debe anaacha kupiga mpaka wa mwisho apite.

"Na hawa wanne waliojibu?" mkuu akauliza. "Wao wamewezaje?"

Mwalimu akazitazama zile karatasi nne. Wote wanne walikuwa wamehamia kutoka shule nyingine, wiki tatu tu kabla ya mtihani. Akazirudisha mezani polepole, akaomba dakika tano, akaenda kumwita Debe nje.

"Swali la saba hukulijua?"

"Nililijua, Mwalimu."

"Sasa mbona hukuandika?"

Mtoto akamshangaa. "Si ulisema pale tusiseme kitu?"

Mwalimu akageukia ukutani asionekane uso. Kumbe katika yote aliyowafundisha, hilo ndilo walilolishika vizuri kuliko yote. Alijichukia, tena sana.

Wiki iliyofuata mkuu alikusanya vitambaa na debe akavifungia stoo. Mwalimu akachora moyo ubaoni, mshale baada ya mshale, watoto wakinakili. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tano, na huo haumuulizi mtu amefiwa na nani. Mshale ulipotoka upande wa kulia, kalamu zote zikasimama.

"Damu inakwenda wapi hapa?"

Vichwa vikainama, kama pale kwenye bomba.

"Semeni!" Hawakuwahi kumsikia akifoka hivyo. Debe akaanza kulia, akifuatiwa na jirani yake, lakini jibu halikutoka.

Basi mwalimu akaweka chaki chini, akapiga moyo konde, akalisema yeye. "Mimi mapafu. Lete chafu, chukua safi." Sauti ilimtoka nzito, imekauka, haikufanana hata kidogo na ile. "Sasa andikeni."

Wakaandika huku wanajifuta machozi. Akapita dawati moja moja na kalamu nyekundu, akihakikisha hakuna aliyeruka.