Paa la Banda la Lemke

Gustav Lemke aliipigilia misumari sauti ya Hosea Pruitt juu ya banda la kuku, kwa sababu paa lilikuwa linavuja.

Kiwanda cha viti alichokuwa msimamizi wake, huko Wisconsin, kilikuwa kimeanza kutengeneza santuri ili kabati zake za gramafoni zipate wateja. Weusi, Hosea akiwa mmoja wao, walipandishwa treni kutoka Kusini, wakaimba bluzi, nyimbo zao za huzuni, wakarudishwa. Biashara ilipokufa, wafanyakazi waliambiwa wajichukulie kalibu za shaba, zile sahani zenye sauti za kuchapia santuri. Gustav alijua kwamba wimbo wa Hosea haukuwahi kutolewa santuri hata moja. Akaichukua kalibu yake. Ilikuwa pana, tena haishiki kutu.

Tangu hapo kuku wakaimba bluzi kila asubuhi. Walichinjwa, wakaja wengine, wimbo ukawa uleule. Majirani hawakuwa na neno, ila walisema jogoo anachelewa kuingia kwenye wimbo.

Miaka ikapita. Novemba moja akaja Ardelia Pruitt kutoka Mississippi. Baba yake alifia njiani akirudi kutoka kuimba, yeye akiwa bado ananyonya.

"Nimeambiwa yuko kwako, bwana."

"Yuko nyuma," alisema Gustav.

Ardelia akaketi juu ya ndoo, kuku wakaimba. Kila palipo na msumari walinyamaza, wakatazamana, kisha wakaendelea.

"Hapo anaposema 'lala mwanangu,' halafu kimya. Anamwita nani?"

Gustav alikuwamo chumbani siku ile Hosea anaimba. Jina alilisikia vizuri. Akautazama msumari, kisha mkono wake.

"Sikumbuki."

"Basi nipe hiyo kalibu. Nitakununulia bati."

"Mbao zimeshaganda, binti. Nikiing'oa sasa, kuku watakufa kwa baridi."

Mkewe, Hedwig, alitoa kichwa dirishani. "Gustav! Kuku gani hao? Juzi si ulisema wote wanaingia chunguni Krismasi?"

"Funga dirisha, baridi inaingia!"

Ardelia alisubiri kidogo, labda mzee angebadili mawazo. Gustav aliingia bandani, akatoka na mayai, akamfungia kwenye gazeti. Ardelia akayapokea, akashukuru kama alivyofunzwa, akaondoka kwa miguu kwenda stesheni.

Safari ile ilimgharimu Ardelia kazi yake ya kufua, koti aliloliuza apate nauli, na jina lake kinywani mwa baba yake. Gustav ilimgharimu mayai sita.